Kaskazi imeniunguzia bustani, na nyumbani tunagombana kwa maji

Assalamu alaykum Bi Shamba, shkamoo, natumai u mzima.

Mie kwetu Donge, kaskazini ya Unguja, lakini nimeolewa huku Jambiani, pwani ya kusini mashariki, na nna watoto watatu. Nimekulia shamba, kwetu ukitupa mbegu za tungule (nyanya) nyuma ya jiko zinaota zenyewe, ardhi nyekundu jembe linazama lote. Huku kwa wakwe zangu ni mawe, ukichimba shubiri moja jembe linagonga jiwe na mchanga wenyewe mweupe, lakini nikasema sikai bure, nikaomba samadi kwa watu, nikasomba udongo, nikatengeneza matuta manane nyuma ya nyumba, kila moja mita moja kwa tano hivi, yameinuka vizuri kabisa kama ya kwetu. Matuta manne nikatia tungule, mawili mchicha, moja bamia na moja nikachanganya mabiringani na pilipili. Wakati wa vuli mambo yalikuwa mazuri mno, mchicha niliuza mpaka mikono ikachoka kukata, na kuna nyumba ya wageni hapa karibu mpishi wao akaniambia atachukua tungule na mchicha kwangu kila wiki, tukakubaliana.

Sasa tangu mvua ikatike na hii kaskazi ianze kuvuma kweli kweli naona kila kitu kinakufa mbele ya macho yangu. Tungule zinatia maua, maua yanakauka yanadondoka, na zile chache zilizoshika zina doa jeusi chini limedidimia. Majani pembeni yamekuwa kahawia makavu, juu ya udongo kuna kitu cheupe kama unga. Saa saba mchana ukenda kutizama kila mmea umelala chini unatia huruma, basi mie nakimbilia mpira namwagia hapo hapo, jioni namwagia tena kidogo na asubuhi tena, wala haisaidii. Mabiringani nayo yana vidoti vya njano na chini ya majani kuna utando mwembamba. Mtu kanambia majani yakiwa njano tia urea, nikatia, ndo kwanza yamezidi kuungua.

Maji nnayotumia ni ya kisima hapa nyumbani, tuna kipampu cha umeme, na kisima chenyewe si mbali na pwani. Masika maji yake matamu ya kunywa lakini sasa yana chumvi ulimini, ukipika chai unaijua. Mfereji unatoka usiku tena si kila siku, tunajaza madumu na pipa, hayo ndo ya kunywa na kupikia na kuoga watu tisa tuliomo humu ndani. Kuona bustani inakufa nikawa nachota na haya ya mfereji dumu mbili tatu, hapo ndo vita vikaanza. Mavyaa wangu kasema mbele ya watu kuwa mke wa mwanawe anamwagilia majani na wajukuu zake hawana maji ya kuoga. Mume wangu pale hakusema kitu lakini usiku akanambia niiache bustani mpaka masika. Wifi yangu nae anasema kaskazi hakulimwi, watu wa huku wote wanajua, mie tu niliyekuja ndo najifanya fundi.

Bi Shamba mie sitaki kuiacha. Ile pesa ya mchicha ndo inayonunua madaftari na viatu vya skuli, si pesa nyingi lakini ni yangu na sikumuomba mtu, na nikiwa pale bustanini roho yangu inatulia. Ramadhani nayo inakuja, kila nyumba itataka tungule na bamia na pilipili. Nataka unambie kweli, kaskazi hakulimwi huku? Linaloua ni jua au maji ya kisima? Na huyo mpishi nimwambie nini, na mavyaa wangu nimfanyeje mana nampenda, kanilelea wanangu, sitaki kugombana nae kwa ajili ya mboga.

Mama wa Watatu, Jambiani

*

Waalaykumu salaam mwanangu, marahabaa.

Nianze na lile la wifi yako mana naona limekuuma. Wenyeji wa Jambiani, Makunduchi, Bwejuu, Paje mpaka Uroa na Matemwe, na kule Pemba watu wa Micheweni, wanaijua ardhi yao, wakisema kaskazi hakulimwi wanasema walichokiona, usiwadharau. Lakini wanachokusudia ni mboga za kumwagilia juani. Mihogo yao imesimama maweni kaskazi nzima na hakuna anaeimwagilia. Kwa hivo kunalimwa, ila hakulimwi kama Donge, na wewe kwa ulivoeleza umeichukua bustani ya Donge ukaihamishia Jambiani kila kitu, matuta, mazao, mpaka namna ya kumwagilia.

Tizama ardhi yenyewe. Donge udongo una kina, ukinywa mvua unayakamata maji siku nyingi na mizizi inayafata huko chini. Jambiani chini ya mchanga wako ni jiwe la matumbawe lenye matundu kila pahala, maji ukiyamwaga yanapita yanakwenda zake, ndo mana upande wote ule huoni mto wala kijito. Una shubiri moja tu ya udongo, halafu hiyo shubiri ukainyanyua ikawa tuta, sasa jua linaipiga juu na upepo unaipiga ubavuni, na huo upepo wa kaskazi kwenu unatoka baharini moja kwa moja umebeba na chumvi. Tuta la kuinuka ni la masika, maji yakiwa mengi mizizi isioze. Kaskazi unafanya kinyume chake, unashusha. Chukua udongo wa katikati ya tuta uusogeze pembeni uwe ukingo, ubaki na jaluba lililozama nusu shubiri hivi, mmea ukae ndani, kila tone unalotia linabaki palepale kwenye mizizi na upepo unapita juu. Tena kwa maji yako ya chumvi jaluba ni bora zaidi, mana chumvi hupanda pamoja na maji ikaja kukaukia pale palipoinuka, na kwenye tuta palipoinuka ndo ulipopanda.

Sasa tungule. Zing'oe mwanangu, najua zinakuuma lakini zing'oe wiki hii. Mtungule ukipata joto la mchana la nyuzi 32 na kupanda na usiku nao usipoe, chavua yake inaharibika na ua linadondoka bila kushika, na kwetu Januari na Februari mchana ni nyuzi 32 au 33 na usiku mara nyingi haushuki chini ya 24. Hakuna mbolea itakayoupoza usiku. Matuta manne ya tungule yanakunywa nusu ya maji yako yote na hayatakupa hata sinia moja, bora hayo maji yende kwenye kitu kinacholipenda joto.

Unauliza linaloua ni jua au kisima. Vyote viwili ila kisima zaidi, na hapa nataka ukae unisome vizuri mana ndipo penye tabu yako yote. Huo unga mweupe ni chumvi. Maji ya kisima ukiyamwaga yanakauka yanapanda hewani, chumvi haipandi, inabaki. Ukimwagia kidogo kidogo mara tatu kwa siku ndo unaongeza chumvi mara tatu kwa siku, na maji yenyewe hayafiki chini kuisukuma. Udongo ukishakuwa na chumvi mmea unashindwa kunyonya maji hata yakiwepo, ndo unauona umelala na huku udongo umerowa, wewe unadhani una kiu unazidi kumwaga. Pembe za majani zinaungua mwanzo kwa vile huko ndo chumvi inakoishia. Urea nayo ikiyeyuka kwenye udongo wa namna hiyo inazidisha ukali ule ule kwenye mizizi, usiitie tena mpaka mvua ishuke. Na lile doa jeusi la tungule si maradhi ya kuambukiza, ni tunda limekosa kalisiamu, maji yakija na kukatika haifiki, na chumvi nayo inaizuia njiani.

Kisima chenu mbona masika kitamu na sasa kina chumvi? Ndani ya lile jiwe maji matamu ya mvua yameelea juu ya maji ya bahari, mana maji matamu ni mepesi. Masika tabaka la juu linanenepa, kaskazi linakonda, na ukivuta kwa pampu muda mrefu mfululizo yale ya chumvi ya chini yanapanda. Kwa hivo pampu isingurume saa nzima. Vuta kidogo alfajiri, kiache kisima kipumzike, vuta tena kidogo jioni, na mdomo wa paipu usikae chini kabisa, unyanyue uwe karibu na uso wa maji mradi usivute hewa. Onja kila ukivuta, yakizidi chumvi acha. Hii si kwa bustani tu, ni kwa nyumba yenu nzima na jirani wa kisima cha pili mana mnakunywa pamoja huko chini.

Kulala kwa mmea saa saba si kiu kila mara. Mimea mingi jua likiwa utosini inalegeza majani kupunguza kupoteza maji, jioni inasimama. Itizame baada ya magharibi na itizame baada ya swala ya alfajiri. Ukiikuta imesimama waache watu waseme, haina kiu. Ukiikuta alfajiri bado imelala, na kidole ukikitia udongoni mpaka kiungo cha pili pakavu, hapo ina kiu ya kweli. Ukikuta imelala na udongo umerowa, hiyo ni chumvi au mizizi inaoza, usiongeze. Maji ya saa saba yanapotea bure, na yale yaliyokaa ndani ya mpira juani yanatoka ya moto yanaunguza mizizi. Wala usimwage maji ya kisima juu ya majani, tone likikauka chumvi inabaki kwenye jani. Mwagilia chini, kwa kopo au keni, mara moja kwa siku, baada ya alfajiri, na ushibishe. Ramadhani itakuwa rahisi zaidi, ushakula daku ushaswali, unamwagilia kabla jua halijatoka, kazi nzito inakwisha kabla hujaona kiu.

Sasa tupige hesabu, mana mavyaa wako na wewe mnagombana bila ya hesabu. Jua hili na upepo huu zinachukua kiasi cha milimita 5 za maji kwa siku kwenye bustani iliyo wazi, na milimita 1 ni lita 1 kwa kila mita moja ya mraba. Matuta yako manane ni mita 40 za mraba, basi hizo ni lita 200 kila siku, dumu kumi za lita 20. Kwenye nyumba ya watu tisa inayosubiri mfereji usiku hizo ni nyingi mno, na mama wa watu kuogopa ana haki. Lakini ukibaki na majaluba matatu, moja la bamia, moja la mchicha na lile la pilipili na biringani, hizo ni mita 15, lita 75. Ukiyafunika na kuyatia kivuli unaweza kupunguza hata nusu, unabakia na dumu mbili.

Na hizo dumu mbili ziko humo ndani ya nyumba yenu, zinamwagika kila siku hazionekani. Mko watu tisa, tuseme sita ndo wanaoswali. Mtu akitia udhu kwa lita 1 tu, mara 5 kwa siku, ni lita 30. Maji ya udhu hayana sabuni hayana chumvi, ni ya mfereji yale yale. Weka beseni pale pa kutilia udhu, juu yake kichanja cha mbao mtu akanyage, kila baada ya swala unayamimina kwenye dumu. Ongeza ya kuoshea mchele na ya kuoshea mboga, dumu ya pili hiyo. Ya kuoshea samaki mwaga kwenye shimo la taka, yataleta paka wakufukue kila kitu. Ya kufulia yana sabuni na magadi, udongo wako ushachoka na chumvi, hayo wape minazi, mnazi unastahamili. Kwa hivo bustani hainywi tena maji ya watu, inakunywa yaliyokwisha tumika, na kisima kinabakia cha akiba tu siku ya shida, tena yachanganywe nusu kwa nusu na haya ya udhu. Na ile siku mfereji ukitoka kwa wingi mapipa yote yakajaa na watu wote wameshaoga, omba dumu tatu nne za ziada, jaluba moja baada ya moja uliroweshe mpaka maji yashuke chini kabisa, chumvi ioshwe itoke kwenye mizizi. Hapo ndo hiyo ardhi inayovuja inakuwa na faida.

Kufunika udongo nakusisitiza kuliko yote. Udongo usibaki uchi hata kidogo. Nyasi kavu, majani ya mgomba, majani yaliyopukutika chini ya mwembe, mapumba ya mpunga ukipata, unene wa vidole vinne, yasiguse shina la mmea yakaleta kuoza. Huko kwenu makumbi hayakosekani, yachambue uyaweke, lakini yasiwe yale yaliyofukiwa pwani kwa ajili ya usumba, yale yamelala kwenye maji ya bahari yamejaa chumvi. Mwani nao nauliziwa sana, mwani mbolea nzuri lakini mpaka uoshwe, uuanike juu ya mawe unyeshewe na masika, kwa sasa usiukaribishe kabisa. Samadi ya kuku mbichi pia hapana, ina ukali, ya ng'ombe iliyooza ukawa huisikii harufu ndo utie. Kuku watakuja kupekua hayo matandazo, zungushia wavu mkuukuu wa kuvulia, na funuafunua mara moja moja utizame mchwa.

Kivuli ni makuti. Simika miti kimo cha mtu, tandika makuti yaachane achane jua lipite kama nusu, mchicha uwe chini yake. Bamia haihitaji, inalipenda jua. Halafu upande unaotoka upepo, kaskazini mashariki, weka ua wa makuti kukinga ile hewa ya chumvi, usiukaze ukawa ukuta, upepo ukigonga ukuta unaruka unashuka nyuma yake kwa nguvu zaidi. Kazi hii ya miti na makuti muombe mume wako. Kakwambia uiache bustani kwa kuwa kaona mama yake na mkewe wanagombana na hajui afanye nini, mpe kitu cha kufanya kwa mikono yake.

Mabiringani yana utitiri wekundu, joto na vumbi ndo raha yao. Majani yaliyoharibika sana yachume uyachome moto. Ponda majani ya mwarobaini, kama kilo 1 kwa lita 5 za maji, yalale usiku mmoja, chuja, tia kisabuni kidogo, nyunyiza chini ya majani jioni jua likishatulia, rudia baada ya siku chache.

Pale penye yale matuta matano uliyoyaacha tandaza samadi iliyooza, funika, pumzisha. Masika yatakuja kuosha chumvi bila ya wewe kuinua dumu. Pembezoni mwa bustani choma vijiti vya muhogo mvua za mwanzo zikishuka na upande mlonge mmoja au miwili, mwakani kaskazi kama hii utakuwa na kisamvu na majani ya mlonge bila ya kumwagilia, na hizo ni mboga za heshima, zina watu wake. Hata mboga pwani inayoota kule karibu na mikoko watu wa pwani wanaila, haijui chumvi ni nini. Mchicha nao usiupande wote siku moja, sia kidogo kila wiki na uukate mchanga wa wiki tatu, usiungoje ukue ukanywa maji bure.

Mpishi mwambie leo, usingoje siku ya kupeleka. Mwambie tungule hakuna mpaka kipupwe, mchicha utakuwa kidogo, na utampa bamia na pilipili. Yeye tungule atazipata sokoni Mwanakwerekwe au Jumbi, anajua njia. Usije ukanunua sokoni ukampelekea kwa jina la bustani yako ili usimpoteze, siku akijua hatokuamini hata kwa mchicha. Watu wa jikoni wanachotaka ni kuambiwa mapema wapange.

Na mavyaa wako mwanangu, mfate mwenyewe, usimtume mume wako wala usimsubirie mbele za watu. Kaa nae chini mkiwa wawili, mwambie mama nilikuwa nachota maji ya mfereji na wewe ulikuwa na haki kuogopa, kuanzia leo dumu la kunywa na kuoga siligusi, bustani itakunywa maji ya udhu na ya mchele, na yakitoka ya ziada nitakuomba wewe kwanza. Kisha muulize wao walikuwa wakipanda nini maweni kaskazi walipokuwa vijana, na uyashike atakayokwambia, mana huyo mama kaishi Jambiani kabla ya mipampu na mifereji na wakila mboga. Akikuonesha shimo lenye udongo baina ya mawe akakwambia hapa panashika maji, panda hapo. Wifi usimjibu neno, bamia zikianza kuzaa mpelekee fungu lake kama unavowapelekea wengine.

Masika yakikaribia, mwisho wa Machi hivi, funga mlizamu wa bati kwenye upande mmoja wa paa uingie kwenye pipa. Paa la mita 40 za mraba, mvua ya milimita 20 ikinyesha usiku mmoja ni lita 800, ukitoa yanayoruka na kuvuja hukosi 600, maji matamu hayana chumvi hata chembe. Hayatofika kaskazi ya mwakani lakini yatakutoa zile siku mvua inapokata katikati. Kitalu cha tungule usianze mapema, mvua kubwa ya Aprili inaleta ukungu unaochoma majani, sia mwisho wa Aprili chini ya kibanda, hamisha mwisho wa Mei au Juni kusi ikianza kupoza usiku, kuanzia Agosti utakuwa unamchumia mpishi. Kwa mbegu, muulize bwana shamba au bibi shamba wa shehia yenu aina inayostahamili joto na mnyauko, na kama ana njia ya kupimisha chumvi ya kisima chenu mpelekee chupa moja ya sasa na moja ya baada ya masika.